Mtu Mweupe wa Mapango ya Isanzilo

Sehemu ya Sita

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mkoa wa Tabora, wenye reli na wasio na reli, ya kwamba Hifadhi ya Mapango ya Chokaa ya Isanzilo, fahari ya taifa, makazi ya popo wasio na idadi na kituo cha kale cha wapagazi waliobeba pembe kwenda pwani, ilipokea Jumamosi msafara mtukufu wa vijana wasomi, waliokuja kwa utulivu, nidhamu na mapenzi makubwa ya mazingira.

Uongo mtupu. Utulivu ulivunjwa kabla ya chakula cha mchana, na aliyeuvunja anaitwa Shamimu.

Msomaji unakumbuka tulipoachana. Kulwa, kijana wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, alikuwa ameachia mshale wake kuelekea mdomo wa pango, na katika mdomo huo alisimama mtu mweupe kuanzia utosini hadi unyayoni. Mshale tukauacha hewani wiki nzima. Sasa tuuruhusu utue.

Ulitua.

Uliingia kwenye nyama ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya bega, ukatokea upande wa pili na kujikita kwenye mkanda wa begi. Mtu mweupe hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama anayetazama mkono wa jirani. Kisha damu ikaanza kushuka, nyekundu juu ya weupe, na ndipo akafungua mdomo.

"Jamani," alisema kwa adabu, "silaha haziruhusiwi hifadhini."

Halafu akaanguka.

Shamimu, aliyekuwa nyuma ya wazee wa sungusungu, aliitambua sauti kabla ya kumtambua mtu. Asubuhi ile sauti hiyo hiyo ilikuwa ikiwakaribisha langoni: msiguse mawe, msikwangue kuta, msipige kelele maana popo wamelala. Mtu mweupe hakuwa mzimu wala mwizi wa ng'ombe. Alikuwa Fikiri, mwongoza watalii, na weupe wake ulikuwa vumbi la chokaa.

Kila anayetambaa kwenye njia nyembamba za Isanzilo hutoka hivyo, mweupe kama andazi lililoanguka kwenye unga. Watu wa hifadhi wanalijua jambo hilo. Sungusungu hawakulijua, kwa kuwa hawajawahi kulipa kiingilio ili waingie kwenye mlima wa babu zao.

Na Fikiri alitambaa humo akitafuta nini? Alikuwa anamtafuta mwanafunzi mmoja aliyepotea kundini. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa hapa nje, juani, mzima wa afya, akimtazama akitoka damu.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo limefungia vitumbua, tueleze upesi.

Shamimu ni binti wa fundi magodoro wa Tabora mjini, yuko kidato cha tano, shule ya bweni. Ndani ya basi, tangu shuleni hadi wanapita Kigwa, mwalimu wao wa jiografia, Mwalimu Eustace, alitangaza kwamba yeye haogopi kiumbe chochote kilichoumbwa na Mungu. Shamimu akaona ni wajibu wake wa kitaaluma kulifanyia dai hilo utafiti. Wenzake walipoingia pangoni, alijitenga, akapanda juu ya mwamba, akauweka mdomo wake kwenye tundu linaloingiza mwanga, akapiga mwano. Popo wangefumuka na kumwangukia mwalimu kwenye kipara. Huo ndio ulikuwa utafiti.

Mwano ni yowe la Wanyamwezi na Wasukuma la kuomba msaada. Alifundishwa bwenini na rafiki yake Jenifa, mtoto wa wafugaji wa Igunga, na Jenifa alimwonya. "Ule si wimbo, we mtoto wa mjini. Ukisikika, kila mwanamume anatupa jembe na kuchukua upinde. Ukiupiga bure, kijiji kizima kinakuchapa."

Shamimu alidhani kijiji kiko mbali. Hakuna kijiji kilicho mbali na mwano.

Popo walitoka, kweli. Sungusungu nao walitoka. Walipomzingira na kumuuliza ameona nini, alitazama marungu, akatazama mishale, akatazama viganja vyake vilivyojaa chokaa, akasema kitu cha kwanza kilichomjia: "Nimeona mtu. Mweupe mwili mzima. Ana panga."

Sasa mtu mweupe alikuwa chini, na watu kumi na zaidi walikuwa juu yake.

Rungu la kwanza lilimpata Fikiri mbavuni. La pili kwenye paja. Mtu mmoja alimkanyaga kifundo cha mkono, mwingine akalivuta begi lake bila kuuchomoa mshale kwanza, na hapo Fikiri alipiga kelele ambayo Shamimu aliisikia mpaka kwenye meno.

"Panga liko wapi?" alinguruma Kulwa, akimshika nywele. "Umelificha wapi? Maksai wangu uko nao wapi?"

"Maksai gani, ndugu yangu? Mimi naonyesha watu mapango!"

"Juzi nimeamka nimekuta kamba tupu zizini. Wale ndio walikuwa wanalima shamba langu, ndio mahari yangu, ndio kila kitu." Kulwa alikipigiza kichwa cha Fikiri kwenye jiwe. Hakukipigiza kwa nguvu zake zote. Alikuwa bado anauliza. "Sema!"

"Acheni," ilisema sauti moja, na wote wakaacha.

Kamanda Limbu, mkuu wa sungusungu wa Isanzilo, alikuwa mzee mnene wa shingo, mwenye filimbi kifuani na kofia ya timu ya mpira isiyojulikana. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alimgeukia Shamimu.

"Binti. Njoo."

Shamimu alikwenda.

"Ndiye huyu?"

Fikiri aliinua uso. Damu ilikuwa imemchorea mstari kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni. Alimwona Shamimu, na, Mungu amsamehe, akatabasamu.

"Kumbe upo," alisema. "Nimekutafuta kila tundu."

Hapa, msomaji, angeweza kusema kweli. Maneno yalikuwa machache na mdomo ulikuwa wake. Lakini aliyaona marungu, akayakumbuka maneno ya Jenifa kuhusu kijiji kizima, na ubongo wake, ambao walimu wameulalamikia tangu darasa la tatu, ukapata njia ya mkato.

"Si huyu," alisema.

"Umesema mweupe."

"Mweupe ndiyo. Lakini yule alikuwa..." Alimtazama Fikiri, mwembamba kama ufagio, mwenye nywele nyingi. "Yule alikuwa mnene, mzee. Mnene sana. Halafu ana kipara."

Minong'ono ilipita. Kulwa aliziachia nywele za Fikiri shingo upande. Shamimu alishusha pumzi. Alikuwa amemwokoa mtu kwa maneno mawili, mnene na kipara, na alikaribia kujipongeza.

Ndipo mdomo wa pango ukakohoa.

"Nani anayefanya fujo kwenye ziara yangu?" ilisema sauti kutoka gizani. "Nimesema nataka majina!"

Akatoka Mwalimu Eustace. Alitoka makalio kwanza, kama alivyojikwamua tumbo kule ndani, kisha akajigeuza na kusimama wima mbele ya umma: mnene sana, mwenye kipara, mweupe pe.

Hata popo mmoja aliyekuwa akizungukazunguka aliona bora aende.

"Huyo!" alipiga kelele Kulwa.

Mwalimu Eustace alifundisha miaka mingi kuhusu mmomonyoko. Siku ile aliuona kwa karibu. Rungu la Kulwa lilimkuta mdomoni, na meno mawili yakaruka na kudondoka kwenye mawe. Alipoinua mikono kujikinga, wengine walimpiga viwikoni. Alipojikunja, walimpiga mgongoni. Mzee mmoja mdogo, aliyechelewa kufika kwa sababu ya goti bovu, alipenya katikati ya wenzake, akampiga mwalimu teke moja la heshima, akarudi nyuma akihema.

"Ni mwalimu wao!" alilia Fikiri. "Mnaua mwalimu!"

"Na wewe ni mwenzake!" Wakamrudia Fikiri.

Hivyo Shamimu, aliyetaka kumtoa mtu mmoja kwenye rungu, sasa alikuwa na wawili chini ya marungu.

"Ni mwalimu wetu kweli!" alipaza sauti. "Mzee, ni mwalimu wetu wa jiografia! Mwacheni!"

Kamanda Limbu alipuliza filimbi. Marungu yalisimama hewani.

"Mwalimu wenu."

"Ndiyo, mzee."

"Mwanangu, wezi nao wana kazi. Wana wake, wana watoto, wengine wanaswalisha, wengine wanaimba kwaya. Sikuulizi kazi yake. Nakuuliza: ulimwona mtu mnene, mwenye kipara, mweupe, na panga, au hukumwona?"

Shamimu alitazama chini.

"Basi nikueleze sisi tunavyofanya," alisema Kamanda, taratibu, kama babu anayemwelekeza mjukuu kuchuma maharage. "Hapa Isanzilo, aliyepiga mwano ndiye anayepiga rungu la kwanza la hukumu. Haya mengine yalikuwa ya kumtuliza mtu tu. Tunafanya hivyo ili kesho polisi wakija, asikae pembeni akasema hao wameua, mimi nilikuwa napita. Na asiyeweza kupiga, alituita bure."

Akaliweka rungu mkononi mwake.

Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Kichwa chake kilikuwa na unyevu, na Shamimu alijitahidi asifikirie unyevu wa nini.

Walimpisha. Mwalimu Eustace alikuwa amepigishwa magoti, mikono imefungwa kwa mkanda wake mwenyewe, suruali imeanza kumshuka. Jicho moja lilikuwa limefumba. Lile jingine lilimtazama Shamimu, na halikuwa jicho la mtu asiyeogopa kiumbe chochote.

"Samimu," alisema. Meno yaliyokosekana yalimlia herufi. "Mwanangu. Waambie."

"Piga!" alisema Kulwa. "Piga, dada, ili na mimi nipate zamu yangu!"

"Piga!" walisema wengine.

Aliinua rungu. Tusimsingizie wema: kwa muda mfupi sana alipima. Akipiga pole, kwenye bega, pengine wataridhika. Pengine mwalimu atapona. Pengine hakuna atakayejua. Kisha alimwona Kulwa nyuma yake, ameshatema mate viganjani na kulishika rungu lake kwa mikono miwili, akikiangalia kipara kile kama mtu anayeangalia mahali pa kupasulia kuni.

Rungu likamtoka mkononi.

"Sikumwona mtu," alisema.

"Nini?"

"Sikumwona mtu! Mnene wala mwembamba. Hapakuwa na panga. Nilipiga mwano ili popo wamwangukie mwalimu, basi. Mlipokuja nikaogopa, nikatunga. Huyu hana kosa, na huyo hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Ukimya wa Isanzilo ni mzito. Ungeusikia mshale ukiwekwa kwenye uzi, na Shamimu aliusikia, maana Kulwa alikuwa ameuweka na kuuelekeza kwenye koo lake.

"Nimempiga mshale mtu asiye na kosa," alisema Kulwa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Kwa mkono wangu. Kwa sababu yako. Kwa mchezo."

"Shusha, Kulwa."

"Kamanda, nimempiga mtu..."

Kamanda Limbu hakurudia. Alimpiga kijana wake rungu moja kwenye kiwiko, upinde ukaanguka, Kulwa akaanguka nao akikamata mkono na kutukana. Kisha Kamanda akamgeukia Shamimu na kumzaba kofi lililomketisha chini.

"Hilo ni langu," alisema. "La kijiji utalipata kwa utaratibu. Mfungueni mwalimu. Leteni kanga mfunge mkono wa huyu kijana, na mshale asiuchomoe mtu, utakatwa zahanati."

Ungefikiri yameisha. Shamimu alifikiri hivyo, ameketi kwenye mawe, shavu linawaka, na moyoni anaona wepesi wa ajabu. Amesema. Watu wako hai. Atachapwa, atafukuzwa shule, baba yake atampa sindano kubwa na magodoro ya kushona mpaka azeeke. Lakini watu wako hai.

Ndipo alipoona Kamanda Limbu anaukodolea macho mdomo wa pango.

"Wenzako," alisema mzee. "Wako wapi?"

Mwalimu Eustace ndiye aliyejibu, amelala ubavu, anatema damu. "Wako ndani. Mwongozaji alipokwenda kumtafuta huyu, niliona tunachelewa. Nikawaongoza mwenyewe. Tulipofika penye Tundu la Mpagazi, mimi... sikupita." Hata katika hali ile aliona aibu. "Nikawaambia watangulie na Jenifa, watokee mlango wa pili. Nikarudi huku."

"Mlango wa pili," alisema Kamanda. "Upande wa Ngubula."

"Ndiyo."

"Na wamepita kwa kutambaa."

"Kwa kutambaa, ndiyo. Kwani vipi?"

Kamanda alivua kofia yake.

"Mwano hausimami kijiji kimoja," alisema. "Sisi tukiusikia, tunaupeleka mbele. Wa mbele anaupeleka mbele zaidi. Ulipotuambia mtu mweupe ana panga, nilimtuma mtu akimbie kileleni, aupaze kwa watu wa Ngubula na kuwapa habari. Wako kwenye mlango ule tangu kitambo. Niliwaambia akitoka mtu mweupe, wasiulize."

Shamimu aliruka akamshika mzee mkono.

"Wapigie simu!"

Kamanda alikuwa ameshaitoa simu, na simu ikasema kwa sauti ya mwanamke mpole kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga nyingine. Mwanamke yule yule.

"Kulwa! Una mbio. Pita juu."

"Juu ya mlima nitafika wameshatoka, Kamanda," alisema Kulwa, lakini alikuwa ameshasimama, mkono mmoja unaning'inia, ameanza kupanda.

"Ndani ni karibu," alisema Fikiri. Alikuwa ameegemea mwamba, midomo imekauka. "Ndani unakata moja kwa moja. Ila pale kwenye tundu mtu wa kifua kipana hapiti. Alikwama mpagazi pale enzi hizo na mzigo wake, ndiyo maana likaitwa hivyo." Aliwatazama sungusungu mmoja mmoja, mabega yao ya jembe. Kisha akamtazama Shamimu. "Wewe utapita."

Kwa mkono uliobaki mzima aliokota kofia yake ngumu yenye tochi, iliyomdondoka alipoanguka, akamvalisha.

"Njia ikigawanyika, kulia. Siku zote kulia. Ukikanyaga maji, umepotea."

"Nikitoka kule..." Shamimu hakumaliza. Hakukuwa na haja. Kila mmoja pale alijua angetoka akiwa na rangi gani.

"Uwatangulie," alisema Fikiri. "Toka wa kwanza."

Aliingia akikimbia.

Asubuhi pango lilikuwa na mawe yaning'iniayo kama mishumaa, na kuta zenye masizi ya mioto ya misafara, na mabango ya kuelimisha. Sasa lilikuwa na giza na pumzi zake tu. Kulia. Alijigonga bega. Kulia tena. Aliteleza, akachubua magoti yote mawili, akainuka. Paa likashuka, akainama. Likashuka zaidi, akatambaa. Likamgusa mgongo, na hapo lilikuwa Tundu la Mpagazi, pana kama mlango wa banda la kuku.

Alipenya kwa tumbo. Vumbi lilimwingia machoni, puani, kooni. Shati lilikamata kwenye jiwe, akalivuta, likapasuka, na ngozi ikapasuka nalo. Alipotokea upande wa pili alikuwa mweupe mwili mzima, na mbele yake alisikia wimbo.

Kidato cha tano kilikuwa kinaimba wimbo wa mchakamchaka. Walikuwa wakielekea kwenye mwanga kwa furaha, wakisukumana, weupe wote kama mkutano wa malaika, na mbele kabisa alikuwa Jenifa.

"Simameni!"

Waligeuka. Walimwona. Wakaangua kicheko.

"Huyo amefika!" alisema mmoja. "Tulijua tu utatokea kututisha."

"Msitoke nje! Kuna watu wana mishale!"

"Na simba je?" aliuliza mwingine. "Simba hamna leo?"

"Mwano ule ulikuwa wako, sivyo?" Jenifa hakucheka. "Niliusikia. Nilikwambia nini bwenini?"

"Ulinikataza. Jenifa, wameitikia. Wamempiga Mwalimu, wamempiga mshale kaka Fikiri. Wako nje hapo, wameambiwa wamuue mtu mweupe. Tazama ulivyo!"

Jenifa alijitazama. Sekunde moja alionekana kuamini. Kisha akakumbuka nyoka wa mpira kwenye ndoo ya uji, akakumbuka matroni aliyefariki mara mbili na kufufuka, akakumbuka taarifa ya kufungwa shule iliyowapandisha basi na mabegi yao.

"Shamimu, leo nimechoka," alisema, na kugeukia mwanga.

Hakukuwa na maneno tena. Shamimu alimrukia mgongoni.

Walianguka wote wawili. Jenifa, aliyekua akiangusha ndama, alimgeuza mara moja na kumpiga ngumi ya pua. Damu ikachuruzika. Shamimu akamshika miguu. Jenifa akampiga teke la kifua. Shamimu akamwuma sikio na hakuachia mpaka rafiki yake alipopiga yowe na mikono yake kulegea.

"Ameniuma! Jamani huyu ana kichaa, ameniuma!"

Lakini Shamimu alikuwa ameshainuka. Aliikanyaga mikono iliyotaka kumshika, akawasukuma wawili waliosimama mlangoni, akatoka nje ya pango peke yake, mikono juu, mweupe, na damu ikimwagika kutoka puani hadi kwenye shati lililochanika.

Jua lilimpofusha. Aliisikia mishale kabla ya kuiona: ule mlio mdogo wa nyuzi nyingi zikivutwa kwa pamoja.

Walikuwa wamejipanga nusu duara kwenye nyasi, wanaume wa Ngubula. Katikati yao alisimama mzee mrefu mwenye koti la mvua, na mshale wake ulikuwa unamtazama Shamimu katikati ya macho.

Akili ya msomi haikumpa kitu. Mdomo ukatoa kilichomo mdomoni mwa kila mtoto aliyelelewa.

"Shikamooni," alisema Shamimu.

Upinde haukushuka. Lakini hakuna mzee wa Unyamwezi aliyewahi kuiacha shikamoo ikadondoka chini.

"Marahaba," alisema mzee, na kutoka nusu duara nzima, kwa sauti za kusitasita, ikaja marahaba moja baada ya nyingine. Huwezi kumjibu mtu marahaba na kumpiga mshale katika pumzi ile ile. Mzee alilijua hilo, akakunja uso.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyepiga mwano." Aliyatoa yote kwa mkupuo, kabla ujasiri haujamtoroka. "Nilipiga wa uongo, mzee. Nilitaka kumtisha mwalimu. Hakuna mwizi. Yule mtu mweupe mwenye panga nilimtunga kichwani mwangu. Nyuma yangu ni wanafunzi wenzangu, weupe ni chokaa ya pangoni, naomba msiwapige. Mkitaka kupiga, nipigeni mimi. Lakini mtu mweupe hayupo. Sikumwona mtu yeyote."

Nyuma yake pangoni, vicheko vilikuwa vimekoma. Jenifa alikuwa amefika mlangoni, ameshika sikio, ameiona mishale.

Moja baada ya nyingine, nyuzi zililegea. Shamimu alianza kulia kwa furaha. Aliwahi. Alikuwa amewahi!

Lakini mzee wa Ngubula hakuonekana kama mtu aliyefurahi. Aliutupa upinde wake chini kana kwamba umemchoma. Akasogea pembeni hatua moja, na watu waliokuwa nyuma yake wakasogea naye bila kuambiwa.

Kwenye nyasi nyuma yao kulikuwa na mtu aliyelala kifudifudi chini ya matawi ya miti. Mishale mitatu ilikuwa imesimama katikati ya majani. Mkono mmoja ulikuwa umebaki nje, kiganja wazi, mweupe pe.

"Binti," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa imepungua ghafla, "kama hukumwona mtu, huyu tuliyemuua ni nani?"